Mwaka Niliomfundisha Sabuni Kutoka Nje

Koko Zaina alifariki mwezi uliopita, na mimi sikuwahi mazishi yake. Boti iliyonitoa Isangi ilikwama kwenye mchanga, na Waislamu hawamkawizi maiti. Nilipofika Kabondo, mtaa wetu, nilikuta bibi yetu amekwisha kuzikwa, wanawake wameketi juu ya mikeka uani, wali umo kwenye sufuria kubwa za matanga. Wakaniambia niweke mfuko wangu katika chumba cha nyuma, kile nilimolala nilipokuwa msichana. Nilivua viatu mlangoni, nikaingiza mguu, nikaurudisha. Sakafu ilikuwa baridi na laini kama sahani. Walikuwa wamemwaga sementi, kutoka ukuta mpaka ukuta. Tonton Idi, mtoto wa mwisho wa Koko, alisimama nyuma yangu. "Iko muzuri, eh?" akasema. "Mama njo alitaka. Alisema, hapana mutu atalala tena juu ya udongo mu nyumba yangu." Nikajibu kwamba iko muzuri. Alipoondoka nilikaa ukingoni mwa godoro nikaitazama ile sakafu mpya, na machozi ambayo hayakunitoka kwenye boti wala uani mbele za watu yakanitoka hapo. Waliopita mlangoni walijua ninamlilia Koko, na ni kweli. Lakini nilianza kwa kuulilia ule udongo, nikapita kwa mbwa, ndipo nikamfikia yeye. Njia hiyo ni ndefu kuieleza kwenye mkeka wa matanga, kwa hiyo ninaiandika, polepole, kama ninavyoandika kila kitu.

Ulikuwa mwaka baada ya mimi kumaliza darasa la sita. Wenzangu waliendelea na sekondari, mimi nikabaki nyumbani na Koko. Sikusema kitu juu ya hilo, kwa sababu sikuwa mtu wa kusema kitu. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Mama aliyeuza mikate ya mafuta kwenye kona alikuwa amenizoea: nikisimama tu mbele ya beseni lake, alifunga mikate ya watu watatu katika karatasi na kuniambia, "Salimia Koko." Nyumba yenyewe ilinifaa, kwa kuwa haikuwa na kelele. Mbele ilikuwa salon, sebule yetu, yenye sakafu ya sementi iliyopakwa rangi nyekundu, ambayo Koko aliisugua mpaka ukaweza kuona ndani yake kivuli cha kiti. Hapo ndipo alipotandika mkeka wake wa kusalia, karibu na dirisha. Chumba chake kilikuwa na sementi, cha Tonton pia. Changu kilikuwa na udongo, na jiko lililokuwa nyuma yake vilevile, maana zamani, wakati wa kujenga, sementi iliisha kabla ya nyumba kuisha. Mimi niliupenda udongo wangu. Asubuhi niliunyunyizia maji na kuufagia, ukatoa harufu ya mvua hata siku isiyo na mvua.

Tonton alikuwa mwendesha toleka, zile baiskeli zinazobeba watu mjini, na alijua habari zote kwa sababu abiria huzungumza nyuma ya mgongo wake. Mwaka ule wezi walianza kuitembelea mitaa yetu. Walichukua kuku wa jirani, wakachukua nguo kambani, wakachukua sufuria ikiwa bado ina sombe, majani ya muhogo, ndani. Jioni moja Tonton alirudi na shati limevimba mbele.

"Ile iko nini ndani ya shati?" Koko aliuliza. Alikuwa anamenya ndizi za lituma, zile za kupondwa, kisu hakikusimama.

"Mlinzi, mama."

"Mlinzi? Ile panya?"

"Itakomaa."

"Idi. Mi ninasali hapa."

"Najua, mama. Italala inje ikikomaa. Sasa ikilala inje, wataiba yenyewe mbele ya kuiba sufuria. Unajua ile watu ya kule nyuma. Wanapenda imbwa, lakini na pilipili."

Kisu cha Koko kilisimama. Yule mbwa alitoa kichwa kati ya vifungo vya shati, mweusi, na alama nyeupe juu ya pua, akamwangalia. Koko hakuwa mtu wa kugusa mbwa. Kwao Maniema alifundishwa kwamba mate ya mbwa na mkojo wake huondoa usafi wa mahali, na mahali palipoguswa husafishwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo, ndipo mtu aweze kusali. Hilo hakulizungumza kwa chuki, alilizungumza kama anayesema mvua inalowesha. Akatoa hukumu yake kwa Tonton huku akiniangalia mimi.

"Bon. Ilale ndani mpaka itakuwa mukubwa. Lakini dada yangu Mwamini anatoka Kindu na bajukuu yake, barabara ikikauka wanafika. Kama siku ile ingali inakojoa mu nyumba yangu, nitaipatia mutu. Na mi sitaifundisha. Huyu mutoto wa kimya ataifundisha."

Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi ambayo ndani yake kulikuwa na kitu nilichokitaka kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilitaka mbwa yule abaki. Usiku ule alilala juu ya kitambaa kando ya godoro langu, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya maziwa yaliyochacha, na nikaomba barabara ya Kindu isikauke haraka.

Jina alipewa na Koko bila kujua. Asubuhi ya kwanza mbwa alikojoa chini ya kiti cha salon, mchana akakojoa mbele ya mlango wa chumba cha Tonton, jioni akarudi chini ya kiti, na kila mara mimi nilipiga magoti na ndoo na kipande cha sabuni. Koko alisimama juu yangu na kuhesabu mara saba kwa vidole. "Ile imbwa itatumalizia sabuni," alisema. "Sabuni mu nguo hakuna tena, sabuni mu vyombo hakuna tena, yote imbwa. Iite Sabuni basi tujue yenye imeitumia." Tonton alicheka akalikamata jina palepale. Kufikia mwisho wa juma hata Koko alikuwa analiita, ingawa alilitamka kama mtu anayelalamikia bei sokoni.

Sikujua mbwa hufundishwaje. Hakuna aliyekuwa amenionyesha. Nilianza kwa kumwangalia, kwa sababu kuangalia ndiyo kazi niliyoiweza. Nikaona kwamba kabla ya kukojoa alikuwa anaacha kucheza ghafla, anashusha pua, anazunguka mahali pamoja kama mtu aliyepoteza sindano. Nikaona pia kwamba akiamka anakojoa, akila anakojoa, akikimbizana na fagio anakojoa. Basi nikawa ninamkamata kabla. Akifungua macho, nilimbeba mpaka kwenye mpapai uliokuwa karibu na uzio, palipokuwa na udongo laini, nikamweka chini nikasubiri. Akikojoa, nilimwambia "eeh" kwa sauti ile ndogo niliyokuwa nayo, nikamkuna nyuma ya sikio. Akianza kuzunguka ndani, nilipiga ulimi mara moja mdomoni, akasimama, nikambeba. Majirani walizoea kuniona ninakimbia na mbwa mikononi, mkojo ukinidondokea miguuni. "Binti wa Mama Zaina amepata mutoto," walisema juu ya uzio. "Baba yake ni nani?" "Baba yake iko na mukia." Niliinama nikacheka ndani ya shingo ya Sabuni, ambako hawakuniona.

Mbwa alielewa haraka, na hakuelewa kabisa. Uani alikwenda mwenyewe kwenye mpapai, akazunguka, akakojoa, akaniangalia apewe sifa yake. Katika chumba cha Koko hakugusa, cha Tonton hakugusa. Lakini chini ya kiti cha salon, mahali palepale, karibu kila siku, tone au dimbwi. Nilisafisha mara saba nikarudi kusafisha mara saba. Nilisugua mpaka rangi nyekundu ikaanza kutoka, pakabaki duara la kijivu. Koko alikuwa anasogeza mkeka wake wa kusalia kidogo kidogo kuelekea ukutani. Na barabara ilikuwa inakauka. Tonton aliyasikia hayo kwa abiria wake na kuyaleta mezani pamoja na fufu: malori yamepita pale palipokuwa pamekatika, watu wa Kindu wameanza kuingia. Mimi nilikata tonge nikaliweka tena kwenye sahani.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula, Koko aliponikuta tena nimepiga magoti chini ya kile kiti. Nilikuwa katika mara ya udongo. Safari hii hakuhesabu. Alivuta kigoda, akakaa, akaniangalia ninavyopaka udongo mbichi juu ya sementi kwa kiganja.

"Ile udongo unatoa wapi?"

"Uani, Koko."

"Uani wapi?"

"Kwenye mpapai."

"Kwenye mpapai. Pale imbwa inakojolea?"

Mkono wangu ulisimama. Udongo ule ulikuwa laini na wa karibu, sikuwa na haja ya kuuchimba, kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilikuwa nauchota hapo. Kila nilipoondoa harufu ya Sabuni kwa sabuni na maji, niliirudisha kwa udongo. Nilikuwa ninamjengea choo chake ndani ya salon, kwa mikono yangu, kwa amri ya dini. Niliinua macho. Nilitegemea kofi, au neno la kumfukuza mbwa jioni ileile, maana Koko alikuwa ametandika mkeka wake hatua chache kutoka pale siku zote hizo.

Koko alikuwa anatikisika. Nilifikiri anatetemeka kwa hasira, kisha kitambaa kikamteleza kichwani na nikaona meno yake. Alicheka mpaka akashika mguu wa meza. "We mutoto," alisema, "we mutoto, umenisafishia nyumba na mikojo! Mara saba! Na mi nikakuhesabia!" Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mungu anaona. Mungu anajua nani alitaka mabaya na nani alitaka mpapai." Akasimama, akachukua kibakuli mkononi mwangu, akatoka mwenyewe mpaka mbele ya nyumba, upande wa barabara ambako Sabuni hakuwa anaruhusiwa kufika, akachota udongo mkavu akaniletea. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka hivyo, wala sikuwahi kumwona tena. Wakiulizwa leo Koko Zaina alikuwa mtu wa namna gani, watu wanasema alikuwa mkali. Mimi naona kitambaa kimeteleza, na mvi zake, ambazo kwa kawaida hatukuziona.

Baada ya siku ile salon ilikauka. Sabuni alipita juu ya sementi kama mtu anayepita msikitini, akafika mlangoni, akakwaruza. Alikuwa ameshika sheria moja tu na kuishika yote: udongo ndio mahali pake, sementi siyo. Kwa hiyo chumba changu, ambacho kilikuwa udongo kuanzia mlangoni mpaka kwenye kichwa cha godoro, kwake kilikuwa uwanja. Alitoka salon ambamo alijizuia kwa heshima, akaingia kwangu, akazunguka, akakojoa, akaniangalia apewe sifa. Ningemwambia nini? Nilitandika mkeka wa zamani, akautafuta ukingo wake. Koko alisimama mlangoni akaangalia mchezo huo kwa siku kadhaa. Kisha asubuhi moja nilipotoka kuchota maji nilimkuta amekunja mkeka wake wa kusalia na kuuhamishia chumbani kwake, pale pembamba kati ya kitanda na ukuta, ambapo hakuweza kuinama bila kiwiko chake kugonga sanduku la nguo.

"Imbwa inaheshimu sementi," alisema bila kuniangalia. "Ilale mu salon basi. Kule njo itakuwa na adabu."

Tangu hapo Sabuni alilala mahali Koko aliposalia. Alfajiri nilisikia kiwiko kikigonga sanduku, mara ya kwanza, mara ya pili, na mkia wa Sabuni ukipiga sementi upande wa pili wa ukuta, kwa kuwa alijua kwamba baada ya kugonga kule mlango hufunguliwa. Nilimpeleka kwenye mpapai, Koko akawasha mbabula, makaa yakaanza kulia, na tulikunywa chai ya rangi na mikate ile ya mafuta, Koko kwenye kigoda, mimi kwenye kizingiti, mbwa katikati akitazama mkono wa huyu na mkono wa yule. Tonton alikuwa amekwisha kwenda na baiskeli. Hatukuzungumza. Nimeishi katika nyumba nyingine tangu wakati ule, nzuri kuliko ile, na ninapotaka kujua kama nimestarehe huwa ninajiuliza kama ukimya wake unafanana na ule.

Wageni wa Kindu walifika katika wiki ambayo nilikuwa nimeanza kuamini kwamba hawatakuja. Koko Mwamini aliteremka kwenye lori na wajukuu wake, mabegi, magunia na kuku aliyefungwa miguu, na jioni ile salon nzima ikawa mikeka. Hapakubaki sementi ya kulala hata paka. Mjukuu mdogo kuliko wote, msichana, alimwona Sabuni akapiga kelele mpaka akakosa pumzi. Njiani huko mbwa mwingine alikuwa amemng'ata mguu, alama ilikuwa bado nyekundu. Sabuni nikamfungia chumbani kwangu, pamoja na magunia ya wageni yaliyowekwa chini. Mnajua alichofanya. Alikuwa juu ya udongo, na gunia lilikuwa juu ya udongo, na ndani ya gunia lile zilikuwamo nguo za kusalia za Koko Mwamini, nyeupe, alizozileta kwa ajili ya Ramadhani.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililonifanya nijue kwamba limekwisha. Niliwasikia kupitia ukuta, dada wawili, wakizungumza chini kama watu walio kwa mgonjwa.

"Zaina, mi siko nasema kitu. Iko nyumba yako."

"Najua hausemi."

"Lakini mutoto anaogopa. Na nguo..."

"Najua, Mwamini. Nilitoa neno siku ile imbwa ilifika. Neno langu iko palepale."

"Na ule mujukuu wako? Ataniwaza vibaya."

"Ule hatasema kitu," Koko alijibu. Kisha akaongeza: "Ile njo mubaya. Ule hatasema kitu."

Sikusema kitu. Tonton alimfunga Sabuni kamba, akampakia kwenye kikapu mbele ya baiskeli, akampeleka Makiso, katikati ya mji, kwa abiria wake wa kila siku, Mama Odile, mwanamke wa Yanonge aliyeuza makayabu, samaki wa chumvi, na samaki wa moshi sokoni. Mama Odile alikuwa anatafuta mbwa. Lupango lake, yaani kiwanja cha nyumba yake, lilikuwa nyuma ya maduka, lenye ukuta mrefu na geti la chuma, na ndani, kutoka getini mpaka jikoni, lilikuwa limemwagwa sementi yote. Tonton alilisifu. "Safi, safi, hata jani hakuna," alisema wakati wa chakula. Mimi nilielewa maana ya maneno hayo kabla hajamaliza kuyasema, nikabaki nayo mdomoni pamoja na lituma.

Siku chache baadaye Tonton alirudi mchana, jambo ambalo hakuzoea kulifanya. Mama Odile ametuma habari: mbwa ni mgonjwa. Hataki maji. Anazunguka uani mchana kutwa, analia, tumbo limekuwa gumu, na geti likifunguliwa anarukia barabarani kati ya pikipiki. Akipitiwa na usingizi mkojo unamtoka mwenyewe, akiamka anajificha kwa aibu. "Anasema labda tulimupatia imbwa yenye kurogwa," Tonton alisema. Koko alinitazama. Nilikuwa nimesimama. "Enda," aliniambia.

Nilipanda nyuma ya toleka, na njia nzima nilipanga sentensi moja. Mama Odile alifungua geti mwenyewe, mkubwa, mikono imejaa chumvi ya makayabu. "Alors? Njo huyu daktari?" Sabuni alinisikia kabla hata sijasema; alikuja akitambaa, tumbo chini. Nikasema sentensi yangu. "Eh?" alisema Mama Odile. Nikaisema tena. "Sema kwa nguvu, ma fille, siko nakula watu!"

"Anatafuta udongo!" nilisema, na sauti iliyotoka iligonga geti ikarudi. Hata Tonton aligeuka. "Nilimfundisha kwamba sementi ni ndani. Hapa kwenu kote ni ndani. Anangoja mtu amtoe nje."

Nikashika kamba, nikamvusha mpaka kwenye ukanda wa udongo uliobaki kati ya barabara na mfereji. Alinusa, akazunguka mara moja, akakojoa. Alikojoa muda mrefu hivi kwamba mwendesha toleka aliyekuwa anasubiri abiria alianza kupiga makofi, mwenzake naye akaitikia, na Mama Odile aliyesimama getini aliweka mikono yenye chumvi kichwani na kusema, "Yesu wangu, imbwa ya watu iko na discipline kupita bwana yangu." Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini safari hii, kama ningeweza kuja asubuhi na jioni kumtoa, mpaka azoee.

Nilikuja asubuhi na jioni. Nilitoka Kabondo watu wakifungua milango, nikapita mama wa mikate, nikafika Makiso maduka yakiwa bado yamefungwa. Sabuni alinisikia kutoka kona. Nilimtoa, tukasimama kwenye udongo wetu mwembamba, tukatazama mji unavyoamka. Kisha Mama Odile alinipa chai jikoni kwake huku akifunga samaki, akinisimulia mambo ya mume wake na ya mto, akinilazimisha kujibu kwa nguvu. Kila siku Sabuni alipoikataa sementi ilikuwa siku yangu. Nilimwonea huruma alivyojibana, na wakati uleule nilimwomba moyoni asiache. Nyumbani, Koko alikuwa ananingoja barazani na swali moja, mbele ya wageni, bila haya.

"Imekojoa?"

"Amekojoa, Koko."

"Vizuri?"

"Vizuri."

"Alhamdulillah," alisema, na Koko Mwamini alikuwa anatazama pembeni asicheke.

Siku yenyewe haikuwa na alama yoyote. Mvua ilikuwa imenyesha, geti lilifunguliwa, na Sabuni hakuja kunipokea. Alikuwa kwenye kona ya lupango, penye tundu la kupitishia maji, mguu mmoja juu, kama mbwa mzima. Mkojo ulikwenda juu ya sementi ukaingia tunduni. Alimaliza, akatikisika, ndipo akaja. "Tangu jana!" Mama Odile alisema, amefurahi kama mzazi. "Peke yake! Sasa utapumzisha miguu, ma fille." Nilimkuna nyuma ya sikio. Nilisema "eeh", kwa sababu alikuwa anangoja.

Koko alipouliza nilimwambia kwamba amekojoa kwenye sementi. Hakusema Alhamdulillah. Alikunja ukingo wa kitenge chake, akaukunjua. Wageni walikuwa wanakaribia kwenda. Mikeka ilikuwa imeanza kupungua. Alinivuta karibu naye, yule mwanamke ambaye nilikuwa sijamsikia akisema uongo hata kwa mtu aliyekuja kudai pesa ya maji, akanong'ona: "Kesho enda tena. Sema haijazoea muzuri. Sema ungali unaifundisha."

Asubuhi nilikwenda. Nilifika getini na maneno yake yakiwa tayari mdomoni mwangu. Mama Odile alifungua, akashangaa. Sabuni alikuja akaninusa miguu, akapiga mkia, kisha akarudi akajilaza katikati ya lupango lake, juu ya sementi, akafumba macho.

"Iko nini, ma fille? Kuna kitu?"

"Hakuna, mama," nilisema. "Nimekuja kumsalimia."

Alisukuma geti likafunguka zaidi. "Bon, ingia basi. Chai iko."

Nikaingia. Nilikunywa chai ile polepole kuliko siku zote, nikiinua kikombe bila kumeza, kwa sababu kikiisha nisingekuwa tena na sababu ya kukaa.